Dawa za asidi ya tumbo: kwa nini nafuu haithibitishi chanzo cha maumivu

Mgonjwa anayelalamika kwa miezi kadhaa kuwa chembe ya moyo inamuuma, kuwa anashiba baada ya matonge machache, na kuwa tumbo hujaa hata anapokula kidogo, kwa kawaida huonana kwanza na mhudumu wa afya ya msingi, si bingwa wa magonjwa ya tumbo. Mara nyingi huondoka na dawa ya kupunguza asidi, omeprazoli, ya wiki kadhaa, na mara nyingi hurudi kuomba nyingine. Katika kwenda na kurudi huko, mambo mawili huchukuliwa kuwa yamekwisha kuthibitika: kwamba akipata nafuu, basi tatizo lilikuwa asidi, na kwamba maumivu yakirudi baada ya kuacha, basi dawa bado inahitajika. Yote mawili huweza kuwa si kweli, na matumizi yasiyo na mwisho ya dawa hizi hutokana kwa sehemu kubwa na kuyaamini upesi mno.

Tatizo lenyewe, ambalo matabibu huliita dispepsia, si ugonjwa mmoja bali ni mkusanyiko wa dalili. Nyuma yake panaweza kuwa na kidonda katika mfuko wa tumbo au katika duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba), asidi inayopanda kwenye umio, michubuko inayoletwa na dawa za maumivu, maambukizi ya bakteria, mawe kwenye kibofu cha nyongo, na mara chache saratani. Hata hivyo, katika kila watu 10 wanaoingiziwa kamera tumboni kwa sababu ya dalili hizi, takriban 8 hawakutwi na kidonda wala uvimbe wowote. Maumivu yao ni ya kweli, lakini chanzo chake kiko katika namna mfuko wa tumbo unavyotanuka, unavyosukuma chakula na unavyopeleka hisia kwenye ubongo. Vigezo vya kimataifa vya Rome IV, vilivyotolewa mwaka 2016, huihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea iwapo dalili zimekuwapo kwa miezi 3 iliyopita na zilianza angalau miezi 6 kabla ya kutambuliwa.

Pamoja na hayo, wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekwisha kuambiwa, au wamejiambia wenyewe, kuwa wana vidonda vya tumbo, ingawa hakuna aliyewahi kutazama ndani. Jina hilo likishakaa kwenye kadi ya mgonjwa ni vigumu kuling'oa, kwa kuwa kila maumivu yanayofuata huwekwa chini yake, na swali pekee linaloulizwa kila anaporudi ni kama vidonda vimepona.

Safari ya kuifikia pampu

Ukuta wa mfuko wa tumbo una seli maalumu zinazotengeneza asidi ya haidrokloriki. Seli hizo hupokea amri kwa njia tatu: histamini inayotolewa na seli jirani, homoni ya gastrini inayopanda chakula kinapoingia, na asetilikolini inayotoka kwenye ncha za neva. Amri zote tatu huishia mahali pamoja, yaani kwenye pampu ndogo za protini ambazo hutoa ioni za haidrojeni nje ya seli na kuingiza za potasiamu. Ukiyapanga matibabu ya asidi kwa kufuata miaka, utaona kuwa kila kizazi cha dawa kilisogea hatua moja karibu zaidi na pampu hiyo.

Dawa za zamani zaidi, zile za maji na vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu, alumini au kalsiamu, hazigusi uzalishaji hata kidogo. Huipunguza makali asidi iliyokwisha kumwagwa. Hufanya kazi ndani ya dakika chache na huisha nguvu baada ya saa chache. Magnesiamu huharisha na alumini hufunga choo, ndiyo maana mara nyingi huchanganywa ili moja ifute kero ya nyingine.

Hatua ya pili ilikuwa kuziba njia ya histamini. James Black na wenzake ndio waliofungua mlango huo kwa simetidini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ranitidini ilifuata na ikatumika kila mahali hadi kati ya 2019 na 2020, ilipoondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kukutwa na kemikali ya NDMA, ambayo inadhaniwa kusababisha saratani. Famotidini, iliyo katika kundi hilohilo, bado inatumika. Udhaifu wa kundi zima ni kwamba mwili huizoea dawa ndani ya muda mfupi, hivyo dozi iliyosaidia sana mwanzoni hupungua nguvu bila mgonjwa kujua sababu.

Omeprazoli, iliyoingia sokoni mwaka 1988, ilikwenda kwenye pampu yenyewe. Namna inavyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaosema kuwa dawa hii haiwasaidii huwa wanaimeza wakati usiofaa. Kidonge chenyewe si dawa kamili. Ni malighafi ambayo asidi ingeiharibu tumboni, na kwa hiyo hufungwa kwenye chembechembe zenye ganda linaloyeyuka kwenye utumbo mwembamba tu. Kutoka hapo huingia kwenye damu, hufika kwenye seli za asidi kwa upande wa nyuma, na ndani ya vijia vya seli hizo hugeuka kuwa dawa kamili inayonasa kwenye pampu na kutoiachia tena. Ili asidi irudi kama kawaida, seli lazima itengeneze pampu mpya. Kwa hiyo dawa huisha kwenye damu baada ya saa chache, lakini kazi yake hudumu zaidi ya siku nzima.

Kuna sharti moja: inanasa pampu zinazofanya kazi tu. Mtu akiwa hajala, pampu nyingi zimelala. Chakula ndicho kinachoziamsha. Ndiyo sababu kidonge humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza wa siku, ili dawa iwe kwenye damu pampu zinapoamka. Anayekimeza usiku wakati wa kulala akiwa amekwisha kula, au anayekimeza maumivu yanapoanza akitarajia kutulia baada ya robo saa, atapata sehemu ndogo tu ya faida yake. Vilevile, kwa kuwa si pampu zote hunaswa siku ya kwanza, nguvu kamili hufikiwa baada ya siku 3 hadi 5, na kuihukumu dawa kwa siku mbili ni kuionea. Kusaga kidonge au kutafuna chembechembe zilizo ndani ya kapsuli huondoa lile ganda na kuitupa dawa kwenye asidi iliyokusudiwa kuikwepa.

Maswali yanayotangulia kidonge

Kazi ya kwanza ya mhudumu ni kutafuta dalili ambazo hazipaswi kufunikwa kwa wiki nne za kidonge: kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika kusikokoma, kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu, uvimbe unaopapasika tumboni, au saratani ya tumbo katika familia. Umri nao huhesabiwa, ingawa miongozo haikubaliani juu ya mpaka. Mwongozo wa pamoja wa Marekani na Kanada wa mwaka 2017 unapendekeza kamera kwa mwenye dalili mpya aliyefikisha miaka 60, ilhali taasisi ya NICE ya Uingereza inataka kamera ya haraka kwa mwenye miaka 55 na kuendelea anayepungua uzito, na kwa mwenye shida ya kumeza wa umri wowote. Tofauti hiyo haipaswi kumshangaza msomaji, kwa sababu mipaka ya umri huwekwa kwa kuangalia saratani ya tumbo ni ya kawaida kiasi gani katika jamii husika, na mahali inapoonekana mapema zaidi, mpaka hushuka.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni lile la dawa nyingine. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hupunguza kemikali zinazolinda utando wa tumbo, na wagonjwa wengi hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa. Ni vidonge vya mgongo au vya kichwa tu. Kumpa mtu kidonge cha asidi huku akiendelea na diklofenaki aliyojinunulia ni kumtibu kwa mkono mmoja na kumdhuru kwa mwingine. Vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za kuua bakteria nazo huchoma tumbo. Mwisho, maumivu ya chembe yanayokuja mtu anapopanda ngazi na kutulia anapopumzika si ya tumbo mpaka moyo uwe umechunguzwa.

Mgonjwa asiye na dalili hizo za hatari ana njia mbili mbele yake, na zote mbili zinakubalika: kupimwa bakteria wa Helicobacter pylori na kutibiwa akikutwa nao, au kupewa dozi kamili ya kidonge cha asidi kwa wiki 4. Barry Marshall na Robin Warren waliwatambua bakteria hao huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao na kupata uvimbe wa utando wa tumbo (gastritis), na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo kidonda cha duodenamu kimegeuka kutoka ugonjwa wa maisha na kuwa maambukizi yanayotibika kwa wiki mbili. Ndiyo sababu, pale bakteria hawa walipoenea, naona ni busara zaidi kuanza na kipimo. Mwongozo wa Marekani na Kanada nao unakitanguliza.

Hapo ndipo mpangilio wa mambo unapokuwa na uzito mkubwa. Kidonge cha asidi hupunguza idadi ya bakteria bila kuwaua wote, na kwa hiyo kipimo cha pumzi au cha kinyesi huweza kusema hawapo ilhali wapo. Mgonjwa anapaswa awe ameacha kidonge kwa wiki 2, na dawa za kuua bakteria kwa wiki 4, kabla ya kupimwa. Anayeanzishiwa omeprazoli leo na kuambiwa apime wiki ijayo amekwisha kuharibiwa kipimo. Kipimo cha damu hakiathiriwi na dawa, lakini kina kasoro nyingine: hutafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kuondoka, na kwa hiyo hakiwezi kutofautisha aliyeambukizwa na aliyekwisha kupona. Mtu aliyepimwa damu mara tatu na kutibiwa mara tatu kwa sababu kipimo kinaendelea kusema ndiyo, huenda alipona mara ya kwanza.

Tiba ya bakteria yenyewe huhitaji kidonge cha asidi mara mbili kwa siku pamoja na angalau dawa mbili za kuua bakteria, na miongozo mingi sasa inataka siku 14. Usugu wa bakteria dhidi ya klarithromaisini, mojawapo ya dawa hizo, umeongezeka kiasi kwamba Chuo cha Marekani cha magonjwa ya tumbo, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kinapendekeza kuanza na mchanganyiko wa bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na kidonge cha asidi. Baada ya tiba kipimo hurudiwa, si kabla ya wiki 4, na si cha damu.

Nafuu inavyodanganya

Turudi kwenye dhana ya kwanza, kwamba anayepata nafuu amethibitisha kuwa tatizo lake ni asidi. Dalili za dispepsia hupanda na kushuka zenyewe, na watu huenda kutafuta tiba zinapokuwa juu. Wengi wangekuwa na hali nzuri zaidi mwezi mmoja baadaye hata bila dawa. Katika majaribio ya wagonjwa wasio na kidonda, sehemu kubwa ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake walipata nafuu pia. Ukiondoa hao, hubaki faida ya kweli lakini ndogo: inabidi watibiwe takriban watu 10 hadi 15 ili mmoja apate nafuu ambayo asingeipata vinginevyo. Kuwaondoa bakteria kwa wasio na kidonda huleta faida ya kiwango kinachokaribiana na hicho. Si haba, kwa sababu dawa ni salama na mateso ni ya muda mrefu, lakini pia maana yake ni kwamba wengi wa wanaomeza hawasaidiwi na kidonge chenyewe.

Majaribio hayo yanatufunza jambo jingine linalopuuzwa: kwa wasio na kidonda, dozi ndogo ilifanya kazi sawa na dozi ya kawaida. Anayebaki na maumivu baada ya wiki 4 za omeprazoli miligramu 20 kila siku, akiwa ameimeza kwa wakati unaofaa, hana sababu nzuri ya kupandishiwa hadi miligramu 40. Kuongeza dozi ni kujibu swali ambalo mwili umekwisha kulijibu, kwamba asidi siyo inayomuumiza.

Dhana ya pili, kwamba maumivu yakirudi baada ya kuacha basi dawa bado inahitajika, ndiyo yenye kunasa zaidi. Mwili ukiona asidi imepungua, huongeza gastrini ili kuirudisha, na gastrini hiyo, ikidumu kwa wiki kadhaa, huzikuza seli zinazotoa histamini. Amri zinalundikana ilhali pampu zimefungwa. Siku kidonge kinapoachwa, pampu mpya hukutana na amri nyingi kuliko zilivyokuwa kabla ya tiba, na asidi hupanda kupita kiwango cha mwanzo kwa wiki kadhaa. Watafiti wa Denmark walilionyesha hili mwaka 2009 kwa namna isiyoacha nafasi ya kubisha sana: waliwachukua watu 120 wenye afya, wasio na shida yoyote ya tumbo, wakawapa nusu yao esomeprazoli, dawa ya kundi la omeprazoli, kwa wiki 8 kisha wiki 4 za kidonge kisicho na dawa, na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa kwa muda wote. Baada ya kuacha, asilimia 44 ya kundi la kwanza walipata kiungulia au dalili nyingine za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya kundi la pili. Watu wasiokuwa na ugonjwa waliupata kwa kuacha tiba yake.

Kwa mgonjwa wa kawaida hali hiyo hufanana kabisa na ugonjwa uliorudi. Ameacha, ameungua siku ya nne, amerudi kwenye kidonge, ametulia. Yeye na mhudumu wake wote wameridhika kuwa dawa ni ya lazima, na mwaka unapita. Dawa ya mtego huu ni kumwambia mapema. Aambiwe siku ya kuanza kuwa kidonge kina tarehe ya mwisho, na kuwa baada ya tarehe hiyo huenda kukawa na wiki chache za kiungulia ambazo hazimaanishi kuwa kidonda kimefumuka. Aliyetumia wiki 4 tu huweza kuacha moja kwa moja. Aliyetumia miezi mingi huvumilia vizuri zaidi akipunguziwa dozi kwa nusu kwa wiki mbili hadi nne, kisha akimeza siku anazohitaji tu, akiwa na dawa ya kutafuna au ya maji karibu kwa ajili ya saa za kuungua. Si kila anayejaribu hufaulu, na asiyefaulu arudi kwenye dozi ndogo kabisa inayomtuliza, si kwenye ile ya mwanzo.

Hofu na wasiopaswa kuacha

Kuna hofu nyingi zinazozunguka matumizi ya muda mrefu: mifupa kuvunjika, figo kuharibika, kupoteza kumbukumbu. Nyingi zilitokana na tafiti zilizolinganisha watumiaji na wasiotumia bila kuwapanga kwa bahati nasibu, na kwa kuwa watumiaji wa dawa hizi huwa wagonjwa zaidi kwa jumla, ni vigumu kujua kilichosababisha nini. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019 liliwapanga kwa bahati nasibu zaidi ya watu 17,000 wenye magonjwa ya moyo na mishipa kutumia pantoprazoli, nayo ya kundi la omeprazoli, au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka 3. Tofauti iliyojitokeza wazi ni maambukizi ya utumbo, asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Miaka 3 si miaka 20, lakini matokeo hayo yanatosha kuzima hofu ya mtu anayetumia kwa sababu ya msingi. Yanayobaki na ushahidi mzuri ni upungufu wa magnesiamu na wa vitamini B12 kwa watumiaji wa muda mrefu, na mara chache uvimbe wa ghafla wa figo unaotokana na mwili kuikataa dawa. Mwingiliano na dawa nyingine nao ni wa kweli: omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, na asidi ikipungua, baadhi ya dawa za VVU kama atazanaviri na rilpivirini hazisharabiwi vizuri, kiasi kwamba rilpivirini ya kumeza hairuhusiwi kutumiwa pamoja na vidonge hivi.

Wapo wasiopaswa kuambiwa waache. Aliyewahi kutokwa na damu kwenye kidonda na ambaye lazima aendelee na aspirini, mwenye uharibifu mkubwa wa umio, na mwenye mabadiliko ya utando wa umio yanayojulikana kwa jina la Barrett, hunufaika kwa kuendelea, na kumwachisha kwa sababu ya taarifa ya kutisha aliyoisoma mtandaoni huweza kumrudisha hospitali akitapika damu. Kwenye kadi yao iandikwe kwa nini wanatumia, kwa sababu mhudumu mwingine atakayeisoma miaka miwili baadaye hatajua.

Hubaki kundi la waliopimwa bakteria, waliotibiwa, waliojaribu kidonge ipasavyo na ambao bado wanaumwa. Kwao kuna amitriptilini kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, ambayo hutuliza neva zinazopeleka hisia za tumbo, na inafaa zaidi kwa mwenye maumivu kuliko kwa mwenye kushiba upesi. Mgonjwa aelezwe kabla kuwa si kwa sababu anadhaniwa ana ugonjwa wa akili, la sivyo atasoma maelezo ndani ya boksi na kuitupa. Zipo pia dawa za kusukuma chakula, lakini faida yake ni ndogo, na baadhi zina madhara kwa mapigo ya moyo au kwa misuli. Iwapo mgonjwa wa kundi hili atapelekwa kwa bingwa ili aingiziwe kamera, barua ya rufaa itaje jina la kidonge cha asidi, dozi yake na tarehe aliyokimeza mara ya mwisho, kwa kuwa kidonda, na hata saratani changa, huweza kufunikwa na wiki chache za tiba kiasi cha kutoonekana siku ya kipimo.